Mzigo wa Kasiva, Wivu wa Nzuki

Nzuki ni fundi baiskeli pale Mraru, na wivu wake unajulikana mtaa mzima. Mkewe Kasiva akijipaka mafuta tu, roho inamuuma. Na Kasiva alikuwa akijipaka mafuta mara kwa mara. Jumatatu kliniki ya sukari mjini Voi, Jumatano ya presha, Ijumaa ya macho. Kila safari alibebwa na Munir, kijana wa bodaboda mwenye meno meupe.

"Mama Koki, hii kliniki haiishi?" Nzuki aliuliza. "Ama daktari ni huyo Munir?"

Jumatano iliyofuata Kasiva hakwenda kliniki. Nzuki alifurahi, akafanya kazi akipiga mluzi.

Jumamosi Kasiva alishikwa na kizunguzungu, akaanguka jikoni. Munir huyo huyo ndiye aliyewakimbiza yeye na Nzuki hospitali.

Sista Nasiha alimpima. Presha ilikuwa juu sana. Alimpa dawa, akasubiri atulie.

"Mama, magonjwa yako tunayapima kila mara," alisema. "Leo tupime mzigo wa matibabu yenyewe. Sufuri ni kama jambo halikusumbui, kumi ni kama limekushinda. Hakuna jibu baya. Kumeza dawa?"

"Tano. Zingine kabla ya kula, zingine baada. Nachanganyikiwa."

"Kuja kliniki?"

"Nane. Kila siku niko barabarani."

"Na nyumbani, matibabu yanakuletea shida?"

Kasiva alimtazama mumewe. "Kumi. Dawa nimezizoea, sista. Kushukiwa sijazoea. Ndiyo maana nikaacha kliniki ya presha, dawa zikaniishia."

Nzuki alitamani kuingia chini ya kitanda. Wivu wake ulikuwa karibu umuue mkewe.

"Mzigo ukizidi, wengi huacha dawa kimyakimya," Nasiha alisema. "Usiache, mama. Tuambie, tuupunguze."

Alizungumza na daktari. Kliniki zote zikawekwa siku moja kwa mwezi. Vidonge vinavyoweza kumezwa pamoja vikapangiwa wakati mmoja.

Siku hizi, siku ya kliniki, Nzuki hufunga kibanda amsindikize mkewe. Wanapanda pikipiki ya Munir, Nzuki akikaa katikati.

Juzi presha ya Kasiva ilikuwa imeshuka. Nasiha akamuuliza tena. "Kuja kliniki?"

"Mbili."

"Na nyumbani?"

"Tatu."

Nzuki aliruka. "Tatu za nini tena, Mama Koki?"

"Si umemuuliza askari wa geti kwa nini amenisalimia?"