Jeki ya Bi Mundu

Funga mlango kwanza, uape kwamba haya yataishia humu ndani. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa, tena nikiwa nimeshika moyo, na chai haijapoa nilikuwa nimeshawaambia watu watatu. Lakini wewe usiseme.

Bi Mundu alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na mgongo wake: miaka thelathini ya kuinamia cherehani ilimpinda mpaka akawa anawajua watu kwa viatu. Alishonea chumba cha mbele, ndicho duka lao, pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa mrefu hata mtaa mzima ukamwita Ngazi.

"Wifi, ukitaka kitu cha juu niite," Ngazi alikuwa akimtania. "Na mimi nikidondosha sindano nitakuita wewe."

Bi Mundu alikuwa akicheka. Kicheko cha meno tu.

Siku maumivu yalipomshinda, wakampeleka hospitali. Daktari akamwonyesha kidude cha chuma kilicholala kiganjani, kidogo kama kifungo cha koti.

"Hii ni kama jeki ya gari, mama. Tunaiingiza imelala kati ya pingili mbili za mgongo, halafu tunazungusha skrubu yake kwa bisibisi, inainuka taratibu mpaka nafasi irudi. Baadaye mfupa unaota, pingili zinashikana."

Kwenye kitanda cha upasuaji, dawa ya usingizi ilipoanza kumpanda, sauti ikamwuliza sikioni, kwa upole kama fundi anayechukua vipimo: "Nikuinue mpaka wapi?"

Akadhani ni daktari. "Mpaka nikwambie basi," akajibu, ulimi ukalala.

Alirudi nyumbani amenyooka. Watu walitoka vibarazani kumtazama. Akajishonea gauni la kijani la kugusa kifundo cha mguu, na kwa mara ya kwanza akazungumza na wifi yake bila kukaza shingo.

Wiki ya tatu, gauni lile lilikuwa limepanda vidole viwili.

"Umelifulia maji ya moto?" akamwuliza Ngazi.

"Maji gani? Labda wewe ndiye uliyechacha, ukafura kama unga."

Bi Mundu akajipima kwa futi ya kazini. Akapima tena. Fundi hapotei kwenye vipimo: ni yeye aliyeongezeka, wala si gauni lililopungua.

Ndipo akaanza kuisikia. Ilikuja saa za mchana, cherehani zikiwa zimenyamaza, yeye amelala kifudifudi kama alivyoagizwa. Krii. Kimya. Krii. Kama skrubu iliyokauka ikizungushwa na mtu asiye na haraka, na baada ya kila krii kitu kilisukuma ndani ya kiuno chake, na chumba kikanuka mafuta ya cherehani. Akiamka, anakuta kovu limefunguka kitundu kidogo chenye ukingo mweusi. Anapapasa: ni mafuta. Na bisibisi ndogo ya cherehani haikuonekana kwenye droo tangu siku aliyorudi kutoka hospitali.

Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Ulikuwa mguu wake wa kukanyagia.

Akarudi hospitali. Daktari akaitazama picha mpya ya mgongo, akaitazama ile ya zamani, akavua miwani.

"Nani anakugusa mgongo, mama?"

"Hakuna mtu."

"Jeki haijipandishi yenyewe. Skrubu yake haizunguki bila mkono." Akateremsha sauti. "Jumatatu nitafungua niishushe. Mpaka hapo isipande tena hata kidogo. Mishipa yako imevutwa kama uzi unaotaka kukatika. Ikipanda tena, hutatembea maisha yako yote."

Ilikuwa Ijumaa. Bi Mundu alirudi akiburuta mguu, akasimama mbele ya wifi yake.

"Nani anashinda na mimi chumbani?"

"Mimi, wifi yangu."

"Nani anajua droo ya bisibisi?"

Ngazi akaelewa, mkasi ukamtoka mkononi. "Mimi nikurefushe wewe? Ili unizidi? Nina faida gani, mwenzangu?"

"Unataka nilale kitandani duka libaki lako!"

Mumewe, mtu mpole aliyewaogopa mke na dada kwa zamu, akaona bora akamlete mganga.

Mganga alifika Jumamosi mchana, mzee mfupi mwenye kikohozi. Akanusa kitanda, akanusa cherehani, uso ukambadilika. "Yumo," akanong'ona. "Na anatumia mkono wa mtu wa humu."

"Nilisema mimi!" Bi Mundu akalia. "Baba yangu, nisaidie. Nimebakiwa na mguu mmoja."

Mganga akamlaza kifudifudi, akamfunika shuka mpaka mabegani, uso akauelekeza ukutani. Mume na Ngazi akawaketisha kwenye meza ya kukatia, viganja juu, vidole vimeachana. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao walijaa mlangoni, na hakuna aliyekumbuka nguo. Ubani ukawashwa. Wakangoja.

Krii.

"Ndiye huyo!" Bi Mundu akanong'ona. "Mshikeni!"

Harufu ya mafuta ikaushinda ubani, na krii ya pili ikaja, ndefu kuliko ya kwanza, na kiuno chake kikapanuka kama mlango unaosukumwa kutoka ndani, na mguu wa kulia, ule mmoja aliobakiwa nao, ukaanza kupoa vidoleni, ukapoa kisiginoni, ukapoa mpaka gotini kama mtu anayeingia mtoni taratibu, naye akilia, "Ngazi, niache, wifi yangu, nimekukosea nini, chukua duka, chukua vyote, niachie mguu!", na bado hakuna aliyeinuka, hakuna hata aliyekohoa, mpaka akajikaza akageuza shingo kutoka ukutani.

Viganja vya Ngazi vilikuwa juu ya meza. Vya mumewe pia. Machozi yalimtiririka Ngazi, na wala hakumtazama usoni. Wote walikuwa wanatazama shuka, mahali palipoinuka na kuzunguka, kuinuka na kuzunguka.

Mganga akalivuta.

Mkono wa kuume wa Bi Mundu ulikuwa umepindika nyuma kama usio na kiwiko. Vidoleni ulishika bisibisi ndogo ya cherehani, inang'aa mafuta, ncha imezama kwenye kovu. Mlangoni mwanamke mmoja akapiga yowe. Ndipo Bi Mundu naye alipoihisi, baridi, ikiwa ndani ya ngumi yake mwenyewe.

Mganga akapiga magoti kitandani. "Ulimwahidi nini? Sema haraka!"

"Aliniuliza mpaka wapi. Nikasema mpaka nimwambie basi."

"Mwambie sasa. Mwambie basi, binti yangu!"

Ngazi akaja mbio, akaukamata ule mkono kwa mikono yake yote miwili, mumewe akaongeza yake, na wote wawili hawakuweza kuusimamisha. "Sema, wifi! Neno moja tu!"

Bi Mundu akafungua mdomo. Akamtazama Ngazi aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akiuning'inia ule mkono, yule mrefu, leo uso wake uko chini ya macho yake.

"Bado," mdomo ukasema.

Krii.