Vumbi la Kochi Kuukuu

Fundi wa makochi alikuwa na fimbo yake. Kochi kuukuu likiletwa, hulipasua kitambaa, kisha huicharaza sponji mpaka vumbi litimke karakana nzima.

"Namtoa shetani!" alimtania mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa pembeni.

Siku moja lilikuja kochi lililokaa stoo miaka mingi. Ndani mlikuwa na kiota cha panya na mavi tele. Fundi akacheka, akacharaza. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Wiki chache baadaye, homa ikamshika. Mwili wote ukauma, hasa mgongo.

"Uchovu tu huu," alisema.

Lakini mkewe aliona jambo. Mumewe alikunywa maji, ila chooni haendi. Asubuhi iliyofuata uso ulikuwa umevimba na pumzi zinamkatika. Mke akatoka mbio kumwita jirani yao, muuguzi.

"Shemeji, umekojoa lini?" muuguzi aliuliza.

"Jana... kidogo tu."

"Mmeshika mavi ya panya karibuni?"

"Lile kochi!" mke alimaka.

"Basi hospitali, sasa hivi! Panya wengine wana kirusi kinaitwa hanta. Kinakaa kwenye mkojo, mavi na mate yao. Vikikauka ukavitimua, unakivuta pamoja na vumbi. Kinaweza kushambulia figo, hata mapafu."

Vipimo vikathibitisha. Figo zilikuwa zimegoma. Fundi akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akawekewa oksijeni.

"Kirusi hiki hakina dawa yake maalumu," daktari alisema. "Tunausaidia mwili upambane. Mngechelewa, tungempoteza."

Mke alikaa kwenye benchi nje ya wodi. Aliogopa kubaki mjane. Siku zikapita hivyo, mpaka muuguzi wa zamu alipotoka akitabasamu.

"Mama, amekojoa vizuri!"

Mke akalia kwa furaha. Hakujua kama mkojo wa mtu unaweza kumliza hivyo.

Fundi alipona polepole, akarudi kazini. Likaja kochi jingine lenye mavi ya panya. Akanyoosha mkono pale pa fimbo.

"Thubutu!" mkewe alisema.

Alikwisha kufungua mlango na dirisha ili hewa ipite. Baadaye wakavaa barakoa na glavu. Wakalowesha uchafu kwa maji yenye klorini, wakasubiri, wakaufuta kwa tambara na kuufunga kwenye mfuko. Ufagio haukuguswa. Mwishowe wakanawa mikono kwa sabuni, na matundu ya panya ukutani wakayaziba.

"Na fimbo yangu je?" fundi aliuliza.

"Ipo kazini."

Fundi akageuka. Fimbo ilikuwa imeegemezwa dirishani, imelizuia lisijifunge.