Mgongo wa Nzioka

Fanya juu ni kazi ya jasho. Unachimba mtaro, kisha udongo wote unaurusha juu, upande wa kilima. Huko Kalamba, Nzioka alikuwa mwenyekiti wa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba. Mwenyekiti haruhusiwi kukaa kivulini. Akikaa, wanawake wanamtia kwenye wimbo, na wimbo wa mwethya hausahauliki upesi.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1989, Nzioka alipoanza kuumwa na mgongo, hakuna aliyeshangaa. Mkewe, Kalondu, alimkanda kwa maji moto. Mgongo haukupoa. Akamwita jirani yao Kilonzo, mtu wa mikono mizito, aliyesifika kwa kunyoosha migongo. Kilonzo alibonyeza mpaka Nzioka akauma blanketi. Halafu akauliza kama mgonjwa aliwahi kuugua kitu kingine. Nzioka akasema hapana.

Kalondu alinyamaza, lakini roho ilimsuta. Miaka miwili nyuma mumewe alipasuliwa tumbo, akatolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mkubwa. Majirani waliambiwa ni apendiksi. Ugonjwa ulioanza kwa damu chooni, mwanamume gani angeutangaza sokoni? Na tena ulikuwa umekatwa, ukaisha. Ndivyo walivyojiambia.

Siku moja shambani, Nzioka aliinua sepetu, mguu ukalegea, akaanguka. Wanawake wakacheka, wakaanza kutunga wimbo. Kalondu hakucheka. Aliogopa. Alijua kwamba mgongo ule ulimuuma hata akiwa amelala. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Twende dispensari," akamwambia.

"Tumalize mtaro kwanza."

"Mtaro hauendi mahali, Baba Muthoki. Twende."

Kwa nesi Mumbua, Nzioka alieleza habari za fanya juu tu. Kalondu akamkatiza.

"Sista, mzee hajasema yote. Alitolewa saratani ya utumbo. Sasa mgongo unamuuma hata akilala, mguu unalegea, na kukandwa hakujasaidia."

Nzioka akatazama sakafu. Nesi hakumgombeza. Alivuta kiti karibu.

"Mzee, mgongo ya jembe hupungua ukipumzika. Hii yako haipungui, na miguu inalegea. Saratani ya utumbo inaweza kusafiri kwa damu hadi kwa mfupa. Si wengi inawafanyia hivyo, lakini inatokea. Usikubali kukandwa tena. Mfupa ikiliwa inaweza kuvunjika, na miguu ife kabisa. Lazima upigwe picha leo."

Akamlaza chali kwenye gari la dispensari, wakaenda hospitali. Picha ilionyesha kwamba nesi alikuwa amesema kweli. Nzioka akapelekwa Nairobi, mgongo ukachomwa kwa mionzi, akapewa na dawa ya maumivu. Huko alimuuliza daktari kama atapona.

"Kuimaliza, hapana," daktari akasema. "Ikifika kwa mfupa, wengi huishi miezi, wachache hupita mwaka. Siku yako mimi siijui. Lakini kutembea, na kulala bila kulia, hiyo tutaipigania."

Kalondu alilia palepale, bila aibu. Nzioka yeye alishusha pumzi. Alisema afadhali ajue, apange mambo yake akiwa bado na nguvu.

Alirudi Kalamba akatangazia mwethya ukweli kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha Kilonzo akaenda kuleta stuli, akaiweka kichwani mwa shamba. Nzioka akapewa kazi ya kushika kamba na pima maji, kuonyesha mtaro upite wapi. Kuinua kitu kizito alikatazwa. Wanawake wakaimba kwamba hatimaye mwenyekiti amepata kiti, na mwenyewe akacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo Kilonzo hamshiki mtu mgongo kabla ya kumuuliza maswali mawili: uliwahi kupasuliwa, na je, unaumwa hata ukipumzika? Akijibiwa ndiyo, anamwelekeza kwa nesi Mumbua.

Mvua ya Novemba iliponyesha, Nzioka alitaka kuona kama mtaro umeshika maji. Ulikuwa umejaa, na hakuna udongo ulioteremka mtoni. Kalondu alimfuata nyuma, macho yake yakiwa kwenye tope. Mumewe alikuwa na fimbo, lakini nyayo zake zilikuwa mbili, kushoto na kulia, zimekanyaga sawasawa mpaka mwisho wa shamba.