Gari Lililokufa Kila Jumapili

Marehemu alikuwa gari dogo jeupe, lenye umri wa kutosha kupewa shikamoo, likiwa limeegeshwa kando ya ukuta wa ploti moja ya nyumba za kupanga huko Umoja. Boneti ilikuwa wazi. Majirani walikuwa wamelizunguka wakiwa na nguo zao za kanisani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kanisani.

Inspekta Kavinya alikuwa ameacha chapati za moto mezani kwake, kwa hiyo hakuja akicheka.

"Nani alipiga simu?"

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Mulama, mwenye ploti, tai imemkaba shingo. "Hii ni Jumapili ya nne. Jumatatu gari la mama huyu linawaka, Alhamisi linawaka. Ikifika Jumapili, kwisha! Kuna mtu analihujumu, na mtu mwenyewe ni huyu hapa."

Alimnyooshea kidole Musyoka, soja wa geti. Musyoka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nyuma yake, mlangoni pa kichumba cha geti, mkewe alikuwa amempakata mtoto mchanga. Kando yake kulikuwa na godoro lililokwisha kufungwa kamba.

"Nimemwambia afunganye, leo hii aondoke," Mulama alisema. "Usiku ni yeye peke yake aliye macho. Na mlango wa kushoto wa gari hili haufungiki, kila mtu hapa anajua."

"Kama kila mtu anajua, mbona anafukuzwa mmoja?"

Mulama akakohoa, akaanza kurekebisha tai.

Mwenye gari alikuwa Nabalayo, mjane aliyeshona sare za shule na kuimba sauti ya juu kwenye kwaya. Watoto wake walikuwa wakubwa na kila mmoja alikuwa na kwake. Alisogea mbele akipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Afande, Musyoka hana hatia."

"Umejuaje, mama?"

"Najua tu."

Kavinya alimtazama vizuri. Katika miaka yake yote ya upelelezi, hakuwahi kukutana na "najua tu" isiyokuwa na jambo nyuma yake. Aliliweka moyoni, akaingia garini na kuzungusha ufunguo.

Kimya. Hakuna mlio, hakuna taa hata moja, honi nayo imekata kauli. Hapo akashangaa. Betri iliyoisha chaji kwa kawaida hulalamika kidogo, taa zikafifia, injini ikagugumia. Hii ilikuwa imenyamaza kabisa, kana kwamba haipo.

Akashuka, akashika waya kwenye kichwa cha betri. Ukazunguka mkononi mwake. Nati ilikuwa imelegezwa.

"Mama, gari lilifanyiwa sevisi lini?"

"Ijumaa. Fundi alibadilisha oili, akapima maji, akasugua vichwa vya betri kwa maji moto na magadi, akapaka grisi."

"Hapa hapa kiwanjani?"

"Hapa hapa, watu wote wakiona."

Grisi ilikuwa mpya kweli, lakini juu yake kulikuwa na unga mwekundu. Kavinya akauchota kwa ncha ya kucha, akaunusa. Mbao. Akapangusa kidole kwenye leso, hakumwambia mtu.

Akamvuta Musyoka pembeni.

"Sema ukweli, kaka. Umeona nini usiku?"

"Zile Jumamosi tatu za kwanza, afande, taa ya ndani ya gari ilikuwa inawaka. Nikamgongea mama nimwambie. Akasema niachane nayo."

"Mbona hukusema mapema?"

"Mama huyu ndiye aliyempeleka mke wangu hospitali usiku wa uchungu. Nitamsemaje mbele za watu?"

Kavinya akahisi moyo ukimlegea, akaukaza haraka kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. "Na jana?"

"Jana hakukuwa na taa. Giza tupu."

Wakati huohuo pikapu iliingia getini. Aliyeshuka alikuwa Mativo, mgane wa nyumba ya mwisho, mchongaji wa bakuli na vinyago. Alikuwa na suti ya kijivu na nyaya za kuamshia betri shingoni.

"Habari ya asubuhi, Mama Wafula," akamwambia Nabalayo. " Nimesikia limekufa tena, kama zile Jumapili ulizoniita."

"Nani amekuita, mzee?" Kavinya akauliza.

Mativo akainua macho juu ya paa. "Nilidhani tu nitahitajika."

Kavinya akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Umehitajika. Sogeza pikapu, magari yasigusane, uzime injini. Nitaunganisha mwenyewe."

Akabana kibanio chekundu kwenye kichwa chanya cha betri ya gari jeupe, na mwenzake kwenye chanya ya pikapu. Akabana cheusi kwenye hasi ya pikapu. Kibanio cha mwisho akakipeleka polepole, huku akijua anakosea, kwenye kichwa hasi cha betri ya Nabalayo.

"Usiweke hapo!" Nabalayo akapaza ile sauti yake ya kwaya. "Betri inatoa gesi! Cheche ikiruka itakulipukia usoni! Kibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri!"

Kiwanja kizima kikamgeukia. Kavinya akashusha mkono.

"Umejifunza wapi, mama?"

"Marehemu mume wangu alikuwa na gereji. Nilimshikia tochi miaka..."

"Kwa hiyo unajua kuamsha betri, na nyaya unaweza kuazima kwa yeyote. Unajua pia kwamba taa ya ndani ikiwaka usiku kucha, betri hii itaamka imekauka. Basi kwa nini kila Jumapili alikuwa akiitwa Mzee Mativo?"

Nabalayo akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Sauti ilitoka humohumo.

"Kwa sababu gari likishaamshwa halizimwi hapohapo. Linazungushwa ili betri ijae, na yeye anakaa kando yangu lisije likanizimikia njiani. Mara ya mwisho tulizunguka hadi Kariokor. Tangu nifiwe sijacheka namna ile." Akamgeukia Musyoka. "Nisamehe, mwanangu. Niliona aibu, na aibu yangu nusura ikutoe kwako. Lakini jana sikugusa kitu! Fundi alinionya kwamba betri ikikaushwa hivi kila mara itaharibika. Niliacha. Naapa!"

"Nakuamini," Kavinya akasema. "Mzee Mativo, hebu nionyeshe mkono wa koti lako."

Unga mwekundu ulikuwa umejaa kwenye mshono.

"Na mfukoni?"

Mativo akatoa spana namba kumi, mabega yameanguka.

"Ijumaa nilimwona fundi akilitengeneza," alisema. "Nikajua limepona. Nikajiuliza, sasa ataniitia nini? Usiku, soja alipokwenda kumbembeleza mtoto, nikalegeza nati. Zamu moja tu, afande. Sikujua Musyoka ndiye atakayebebeshwa lawama. Nina haya."

Kicheko kilianzia kwa mke wa Musyoka, kikapanda hadi ghorofani. Mulama peke yake hakucheka. Alikwenda getini, akafungua kamba ya godoro kwa mikono yake na kulirudisha ndani, kisha akamwomba Musyoka radhi, kwa sauti ndogo lakini ilisikika.

"Afande, utamkamata nani?" mtu akauliza.

"Nimkamate nani, na chapati zangu zinapoa? Mzee, kaza nati yako. Kaza sawasawa."

Mativo akakaza. Nabalayo akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja. Nyaya zikakunjwa, boneti ikafungwa. Hakukuwa na kilichobaki cha kutengenezwa.

Mativo akasimama kando ya mlango wa kushoto, mikono mitupu.

"Nabalayo," akasema, yeye ambaye siku zote alimwita Mama Wafula. "Gari ni zima. Naweza kuingia hivyo hivyo?"

"Ingia," Nabalayo akasema. "Tumechelewa."