Chiwewe Si Kiwewe

Kila siku isipokuwa Jumapili, Antoinette alishona mbele ya nyumba yake, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Miguuni pake alilala mbwa wa rangi ya udongo, jina lake Zikomo. Kwa Kichewa, zikomo ni asante, na zikomo kwambiri ni asante sana. Kila Antoinette alipomwita mbwa huyo, jirani yake Mmalawi, muuza nyanya, aliitikia, "Zikomo kwambiri, amayi!" Wakacheka wote wawili.

Kabla ya Zikomo kuja, wezi waliingia mara mbili, wakabeba vitambaa vya wateja. Tangu alipokuja, hakuna aliyethubutu. Lakini mchana alizurura na kufukuza kuku wa watu.

"Mufunge mbwa yenu," majirani walionya. "Siku moja bantu bataiua."

Basi mwezi wa kumi mwaka 2013, Melchior, mume wa Antoinette, akamjengea Zikomo nyumba. Alijenga kwa matofali, akaezeka bati jipya, akatia mlango wa mbao. Dirisha hakuweka.

"Tazama!" akajigamba. "Sisi tulifikia mu hema. Mbwa iko na nyumba ya matofali!"

"Haiko ndogo, baba?" Antoinette akauliza.

"Ndogo? Mbwa inataka saluni ya kupokea wageni?"

Zikomo akafungiwa humo tangu asubuhi hadi jioni.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Antoinette alisikia makucha yakikwaruza mlango. Kisha kimya. Kimya hicho kikamshtua. Akaacha cherehani, akafungua.

Joto lilimpiga usoni. Zikomo akatoka akipepesuka kama mlevi. Macho yamemtoka, ulimi unaning'inia, povu jeupe limejaa kinywani. Akaenda hatua nne, akaanguka.

"Yezu wangu!" Antoinette akashika kichwa.

Muuza nyanya akasimama kibandani. "Amayi! Galu ali ndi chiwewe?"

Antoinette alijua kwamba galu ni mbwa, na ali ndi ni ana. Alijua pia kwamba chi ya Kichewa mara nyingi ni ki ya Kiswahili: chinthu ni kitu. Basi chiwewe ni kiwewe, akawaza. Mbwa amechanganyikiwa, hajui aendako. Kweli kabisa!

"Ndiyo, mama!" akajibu kwa sauti. "Iko na kiwewe! Kiwewe sana!"

Beseni la nyanya likaanguka. "Chiwewe! Chiwewe!" mama yule akapiga kelele. Wanawake wakanyakua watoto. Milango ikafungwa. Wanaume wakaja na mawe na fimbo. Jiwe la kwanza likagonga ukuta, kando ya kichwa cha Zikomo.

Antoinette akaduwaa. Tangu lini mtu akaua mbwa kwa sababu ya kizunguzungu?

"Muache! Muache kwanza!" Aliyesema hivyo aliruka kutoka kwenye baiskeli. Alikuwa Nizigama, jirani yao Mrundi. Alipokaa Nsungwi, mtaa wa jiji la Lilongwe, alimsaidia daktari wa mifugo kwa miaka sita. "Imeuma nani?"

Hakuna aliyeumwa.

"Nani amesema chiwewe?"

Muuza nyanya akamnyooshea Antoinette kidole. "Yeye mwenyewe!"

"Mama Antoinette, unajua chiwewe ni nini?"

"Si kiwewe? Kuchanganyikiwa?"

"Ole wako! Kwa Kichewa, chiwewe njo kichaa cha mbwa! Umeihukumu mbwa yako kwa kinywa yako mwenyewe!"

Antoinette akakaa chini, mavumbini.

"Simama, mama. Mbwa ilichanjwa?"

"Ilichanjwa! Mwezi wa saba!" Akakimbia ndani, akatoa kadi katikati ya Biblia. Nizigama akaiinua ili watu waione. Mawe yakashuka, moja moja.

"Lakini mtu asisogee," akasema. "Mbwa mwenye povu haguswi, hata kama ana kadi." Akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa upesi. "Nani alijenga hii tanuri?"

Melchior, aliyekuwa amefika mbio, akatazama viatu vyake.

Nizigama akaomba maji. Akasimama mbali kidogo, akammwagia Zikomo tumboni na miguuni, beseni baada ya beseni. Antoinette alichukua kitenge, wakakitandaza juu ya miti miwili kumpa kivuli. Beseni la tano, mkia ukatikisika.

"Mbwa haitoki jasho mwili mzima kama sisi," Nizigama alieleza. "Inajipoza kwa kuhema. Ukiifungia penye hewa ya moto, inahema moto ule ule."

Kesho yake afisa mifugo alikuja kutoka Dowa. Akasema ni joto. Hata hivyo aliamuru Zikomo atazamwe siku kumi. Akawakumbusha watu: chanjo ni kila mwaka. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku ile ile.

Jumamosi wakajenga upya. "Papa Melchior, ulipima nini mara ya kwanza?" Nizigama aliuliza.

"Nilipima matofali."

"Leo tupime mbwa."

Antoinette akaleta futi yake ya ushonaji. Akampima Zikomo kama mteja: urefu, kimo, nafasi ya kujigeuza. Wakajenga kibanda cha mbao upande wa kivuli. Sakafu waliiinua juu ya matofali ili mvua isiingie. Paa wakaliezeka kwa nyasi. Mbele wakazungushia uwanja wa hatua kumi kwa miti na waya. Waya waliufukia shibiri mbili ardhini, maana mbwa huchimba. Wakaweka maji kwenye chungu kizito kisichopinduka. Kila asubuhi Melchior alizoa kinyesi. Jioni alimtembeza Zikomo kwa kamba.

Mvua zikaja. Kibanda hakikulowa, na kuku wa jirani walipita mbele ya waya bila hofu. Mwizi hakuja.

Siku moja muuza nyanya akasimama kwenye uwanja ule. "Amayi, niazime futi. Mbwa wangu naye anataka nyumba. Na huyu, chiwewe kimeisha?"

Antoinette akacheka hadi machozi. "Mbwa haikuwa na kitu, mama! Kiwewe kilikuwa cha kwangu."

"Na ile nyumba ya matofali?"

Antoinette akamtupia jicho Melchior. Melchior akajikohoza.

"Tunatunza makaa," akasema. "Makaa haihemi."