Vyombo vya Idman Juu ya Mkokoteni wa Punda

Uvumi ulimkuta Kaha sokoni akipima maziwa, ukamganda kama kupe: mkwewe Diriye amemwacha binti yake Idman, vyombo vya bibi arusi vimepita mtaa wa Iftin mchana kweupe juu ya mkokoteni wa punda. Kwetu Wasomali nyumba ni ya mke. Vyombo vikitolewa, talaka imeshasemwa.

Akapiga simu.

"Idman, umeachwa?"

"Sijui, hooyo, mama yangu. Nimerudi nimekuta mkeka na birika tu."

Kaha akafika nyumbani kwa Idman akihema. Diriye ameketi kwenye mkeka, anakunywa chai.

"Sofa ziko wapi?"

"Nimewapa majirani, eeddo," akamjibu mama mkwe kwa heshima. " Nilikuwa sipumui humu. Kwetu Sangailu tukihama, kinachozidi mzigo wa ngamia tunagawa."

"Kwani unahama?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unampunguzia ngamia gani?"

Idman akatokea mlangoni, macho mekundu. "Na dhiil, chombo cha maziwa alichonisukia nyanya?"

"Ilikuwa inaning'inia tu, haina maziwa."

"Napenda kuiona ikining'inia. Napenda pazia, vikombe, mito. Ukitaka utupu, jangwa liko nje, hujanyimwa."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Sasa mji mzima unajua nimeachwa, mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Diriye akaweka kikombe chini. "Wallahi, hilo sikuliwaza."

"Vikirudi, nitarudi. Visiporudi, walichosema kiwe kweli."

"Eeddo, kitu ukishatoa hakiombwi. Ni aibu."

"Aibu umempa mwanangu bila kuombwa," Kaha akasema. "Yako ibebe."

Akamchukua binti yake. Jioni simu ya Idman ikalia, ujumbe wa Diriye: *Sofa nimepata. Jirani Ugbad amenicheka mbele ya watu.* Ukaja mwingine: *Pazia pia. Lul ameniita bakhili.*

Kesho yake Diriye akapita njia ileile, dhiil mikononi kama mtoto mchanga. Wanawake wakamwita, "Diriye, kumbe wewe ndiye uliyeolewa?" Hakugeuka. Akasimama mlangoni kwa Kaha.

"Chumba cha nyuma niachie mkeka wangu. Kwingine jaza mpaka dari."

Idman akaipokea, akainusa. Bado ilinukia moshi.

"Kabati la vikombe?"

"Liko kwa punda, linakuja."

"Lifike kwanza. Hasira yangu haijahama."

Lakini aliingia ndani kutafuta buibui lake.

Wenye mabinti na wenye wana, epukeni haya:

Kugawa kitu cha mwenzio kwa sababu kwako ni takataka.

Kuoana bila kuulizana nyumba itakaaje.

Kudhani anayenyamaza amekubali.

Kutoa vyombo nje bila kusema vinakwenda wapi.

Na wewe jirani, kupokea sofa ya bibi arusi bila kumuuliza mwenyewe.