Skrini Nyeusi Mbele ya Wazazi

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipolia, Aili Niemi na Corinne Dufault walivua buti zao zenye theluji mlangoni mwa chumba cha kompyuta, wakakaa bega kwa bega mbele ya mashine moja. Walikuwa marafiki tangu chekechea, chanda na pete. Shule nzima pale Duluth, mji wa Marekani kando ya Ziwa Superior, ilijua kwamba ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali.

Majira yale ya baridi walikuwa na kazi ya maana. Shule ilikuwa imefunga kamera juu ya paa, ikitazama ziwa hilo. Kamera ilipiga picha za barafu na kuzituma kwenye folda moja ya kompyuta. Programu ya akina Aili ilitakiwa kuzichukua na kuzionyesha kwenye skrini kubwa ya ukumbini, ili wazazi waione hali ya barafu kabla ya kuwaruhusu watoto kwenda kuteleza juu ya ziwa lililoganda.

Mwalimu wao, Bi Bellanger, aliwaeleza kwamba programu haina haja ya kuchungulia folda kila mara. Katikati ya mfumo wa kompyuta kuna kiini kinachosimamia mafaili yote. Programu hukiomba kiini kiiarifu jambo likitokea, kisha hutulia ikingoja. Faili likiundwa, kiini huipasha habari. Likimaliza kuandikwa na kufungwa, huipasha habari nyingine. Aili ndiye aliyeandika sehemu ya kungoja, akachagua habari ile ya pili.

Corinne hakupendezwa. Alilalamika kwamba programu za timu walizoshindana nazo zinawaka pap, ya kwao wawili inajikokota kama bibi harusi.

"Acha ijikokote," Aili alimjibu. "Bora picha ifike nzima."

Siku ya maonyesho, ambapo timu bora ingetuzwa, ukumbi ulijaa. Babu yake Aili, Toivo, alikuwa amevaa shati lake la kanisani na kukaa mstari wa mbele. Corinne, ambaye hakuwa na haya ya kusema mbele za watu, alieleza kazi yao. Kamera ikapiga picha. Skrini ikabaki nyeusi. Wakajaribu tena, nyeusi vilevile. Mtu akacheka kichinichini.

Corinne akawageukia wazazi. "Sehemu hiyo ameiandika Aili," alisema. "Mimi nilimwambia haijawa tayari."

Aili aliisikia sauti ile aliyoizoea kuliko sauti zote za shuleni, akashindwa kuamini kwamba ndiyo iliyotamka maneno yale. Alimwona babu yake akiinamisha macho, ndipo yeye mwenyewe akatoka ukumbini.

Kwenye chumba cha kompyuta aliifungua programu. Mstari wake wenye amri ya kungoja ulikuwa umebadilishwa. Sasa programu haikungoja faili lifungwe; ililibeba mara tu linapoundwa. Yeye hakuugusa. Mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kuugusa alikuwa mmoja tu.

Corinne aliingia kuchukua koti lake. Aili alimwuliza pale pale.

"Niliubadilisha asubuhi," Corinne alisema akitazama sakafu. "Nilitaka tushinde. Nilijaribu kwa vipicha vidogo, ikaenda vizuri."

"Na skrini ilipokuwa nyeusi, ulijua ni kwa nini?"

"Nilihisi."

"Na bado ukanitaja mimi."

Bi Bellanger, aliyekuwa amefika mlangoni, alikuwa amesikia yote. Aliwaonyesha kilichotokea. Kiini hakikudanganya: kilisema faili limeundwa, na kweli lilikuwa limeundwa, ila lilikuwa bado tupu. Vipicha vidogo huandikwa upesi, kwa hiyo viliwahi. Picha kubwa ya kamera haikuwahi, programu ikabeba ganda lisilo na kitu.

Aili aliurudisha mstari wake.

"Mstari umerudi mahali pake," mwalimu alimwambia Corinne. "Maneno yako bado. Walioyasikia ni wale walioko ukumbini."

Corinne alirudi mbele ya wazazi, Aili na mwalimu wakimfuata. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini alisema: yeye ndiye aliyeiharibu, tena kwa siri, kisha akamsingizia mwenzake. Kamera ikapiga picha nyingine. Skrini ikangoja, halafu ziwa lote likatokea, na ufa mpana ukionekana kwenye barafu karibu na gati. Akina mama wawili waliinuka papo hapo kuwatafuta watoto wao waliokuwa wameshashika viatu vya kuteleza. Mzee Toivo alimpigia mjukuu wake makofi, peke yake kwanza, kisha ukumbi mzima.

Baadaye Corinne alimwomba Aili msamaha na kuuliza kama kesho watakaa pamoja. Aili alisema hajui, na hakuwa akitania.

Bi Bellanger aliwatazama wote wawili. "Mstari uliokosewa ni kazi ya dakika kuurekebisha," alisema. "Kumbebesha rafiki kosa lako ni jambo jingine. Corinne, leo umesema kweli, na umefanya vema. Lakini kuaminiwa tena hakuna haraka. Utangoja, na atakayesema muda umefika ni Aili."